Maelezo ya Kozi Yanayosomeka Popote: Usanifishaji wa Taarifa za Kozi na Teknolojia ya Elimu katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huhama vyuo, hujiunga na ngazi za juu za masomo na huomba kazi mbali na mahali walikosomea. Kila wanapofanya hivyo, mtu asiyewafahamu hulazimika kuamua walijifunza nini kwa kutazama taarifa za kozi zao. Makala hii inaeleza namna taarifa hizo zinavyoweza kuandikwa kwa muundo sanifu ili zisomwe na binadamu na vilevile na kompyuta katika chuo chochote. Inafafanua dhana za msingi, inatazama uzoefu wa Uingereza na Ulaya, inaonesha ugumu wa kulinganisha krediti, na inapendekeza rekodi fupi ambayo idara inaweza kuanza nayo. Hoja kuu ni kwamba kusanifisha maelezo ya kozi si kusanifisha ufundishaji wake, na kwamba kozi zinazofundishwa kwa Kiswahili ndizo zinazopata hasara kubwa zaidi pale kazi hii isipofanyika.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala hii alihitimu shahada ya umahiri katika chuo kimoja na kuomba kujiunga na shahada ya uzamivu katika chuo kingine. Fomu ya maombi ilimtaka athibitishe kuwa amewahi kusoma kozi ya mbinu za utafiti. Alikuwa ameisoma, tena kwa muhula mzima, kwa Kiswahili. Hata hivyo, hati yake ya matokeo ilionesha mambo manne tu: msimbo wa kozi, jina lililofupishwa kwa Kiingereza, idadi ya krediti na alama aliyopata. Ofisi ya udahili iliomba maelezo ya kozi. Idara aliyotoka ilikuwa nayo katika jalada la karatasi, lakini mhadhiri aliyeyaandika alikuwa amestaafu na nakala iliyopatikana ilikuwa ya mtaala uliokwisha kubadilishwa. Majuma yalipita kabla ya barua moja kuandikwa na kupigwa mhuri.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mkasa huo. Ofisi moja iliuliza swali la haki, na ofisi nyingine ilijibu kwa kadiri ya uwezo wake. Kilichokosekana ni lugha ya pamoja ya kueleza kozi, na mahali ambapo maelezo hayo yangeweza kupatikana bila kumtegemea mtu mmoja aliyeyaandika. Makala hii inashughulikia pengo hilo.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana za Msingi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno kozi lina maana zaidi ya moja. Mwanafunzi anayesema anasoma kozi ya ualimu anamaanisha masomo yote ya miaka mitatu yanayompeleka kwenye shahada. Mhadhiri anayesema anafundisha kozi ya fonolojia anamaanisha somo moja la muhula mmoja. Msikilizaji huelewa kwa muktadha. Kompyuta haina muktadha. Inahitaji kuambiwa waziwazi. Kwa sababu hiyo, makala hii inatenganisha dhana tatu.

Dhana ya kwanza ni programu ya masomo, yaani mkusanyiko wa masomo unaomfikisha mwanafunzi kwenye tuzo kama vile astashahada, stashahada au shahada. Dhana ya pili ni kozi, yaani somo moja lenye msimbo wake, maudhui yake na upimaji wake. Dhana ya tatu ni awamu ya utoaji, yaani tukio mahususi la kufundishwa kwa kozi hiyo: lini, wapi, kwa njia gani na kwa lugha gani. Kozi moja ya fonolojia ya Kiswahili inaweza kutolewa Oktoba kwa wanafunzi wa ana kwa ana na Machi kwa wanafunzi wa masafa. Kozi ni ileile. Awamu ni mbili.

Utenganisho huu una faida ya moja kwa moja. Pale ambapo kozi na awamu yake vimeandikwa pamoja, kila tarehe inapobadilika ni lazima maelezo yote yaandikwe upya, na makosa huingia. Pale ambapo vimetenganishwa, maudhui ya kozi hubaki yalivyo na kinachobadilishwa ni tarehe peke yake.

Dhana ya nne inayohitajika ni metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyingine. Kadi ya katalogi ya maktaba ni mfano wa zamani wa metadata: haina kitabu ndani yake, lakini inamwambia msomaji kitabu kinahusu nini na kiko rafu gani. Maelezo sanifu ya kozi hufanya kazi kama kadi hiyo.

3.0 Chuo Kimoja Kilichogeuka Vyuo Vingi

Suala la kubadilishana taarifa za kozi lina historia katika eneo letu. Kati ya mwaka 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa na vyuo vishiriki vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake cha taifa. Juhudi za kudumisha ushirikiano ziliendelea na hatimaye mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, linalojulikana kwa kifupisho cha IUCEA, ambalo makao yake yako Kampala.

Tangu wakati huo idadi ya vyuo vikuu imeongezeka mno, na kila nchi imeweka chombo chake cha kusimamia ubora. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, iliyotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mfumo wa pamoja wa tuzo za elimu ya juu, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wakaitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa maneno mengine, kisiasa tumerudi kwenye wazo la mwaka 1963 kwa njia nyingine: vyuo vingi vyenye mamlaka yao, lakini vinavyotambuana.

Utambuzi wa aina hiyo hauwezi kutekelezwa kwa tamko pekee. Hutekelezwa na afisa udahili aliyeketi mbele ya hati ya matokeo ya mwombaji mmoja. Iwapo hati hiyo haimwelezi kozi ilihusu nini, tamko la wakuu wa nchi halimsaidii kuamua.

Tanzania imekwisha kupiga hatua katika jambo hili. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011, TCU iliendesha mfumo wa pamoja wa udahili, ambao ulivilazimu vyuo kuorodhesha programu zao kwa misimbo na vigezo vinavyolingana. Ingawa kuanzia mwaka 2017/2018 waombaji walirejea kutuma maombi moja kwa moja vyuoni, Tume imeendelea kuchapisha miongozo ya udahili inayoonesha programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na nafasi zilizopo. Hata hivyo, miongozo hiyo inaishia kwenye ngazi ya programu na haifiki kwenye kozi mojamoja. Aidha, hutolewa katika muundo wa ukurasa uliokusudiwa kusomwa na binadamu. Mtu anaweza kuusoma bila taabu, lakini programu ya kompyuta haitofautishi kwa urahisi kati ya sifa ya kujiunga na maelezo mengine yaliyo kwenye ukurasa huohuo.

4.0 Uzoefu wa Uingereza na Ulaya

Katika miaka ya 2000 vyuo vya Uingereza vilikabiliwa na tatizo linalofahamika kwa msajili yeyote. Maelezo yaleyale ya kozi yalihitajika katika kitabu cha matangazo cha chuo, katika tovuti ya chuo, katika mifumo ya udahili na katika tovuti za watu wengine zinazowasaidia wanafunzi kuchagua masomo. Kila mpokeaji alitaka maelezo kwa fomu yake, hivyo watumishi waliandika jambo moja mara nyingi, na nakala zikaanza kutofautiana.

Jawabu lililobuniwa kwa msaada wa shirika la JISC lilikuwa muundo wa kubadilishana taarifa unaoitwa XCRI. Wazo lake ni rahisi: chuo kinaandika maelezo ya kozi mara moja katika faili lenye mpangilio unaokubalika, na kila anayeyahitaji anakuja kuyachukua hapo. Mpangilio huo una ngazi zinazofuatana: katalogi, mtoaji wa elimu, kozi, kisha awamu ya utoaji. Mwaka 2011 Ulaya ilipitisha kiwango chake cha maelezo ya fursa za kujifunza, EN 15982, na mwaka 2012 Uingereza ikaufanya muundo wa XCRI kuwa kiwango cha taifa, BS 8581.

Uzoefu huo una mafunzo mawili kwetu. Kwanza, kazi iliyo ngumu zaidi haikuwa ya kompyuta. Muundo wa faili unaweza kuandikwa katika kurasa chache. Ugumu ulikuwa kujua ndani ya chuo kimoja nani anamiliki maelezo, nani ana nakala sahihi na nani anawajibika kuyasasisha. Pili, waanzilishi walianza na machache. Hawakujaribu kueleza kila kitu kuhusu kozi, bali yale ambayo mwombaji anahitaji ili afanye uamuzi.

5.0 Krediti: Tarakimu Zinazofanana kwa Sura

Sehemu ya maelezo ya kozi inayodhaniwa kuwa rahisi kulinganisha ni krediti, kwa kuwa ni tarakimu. Ukweli ni kinyume chake. Katika utaratibu wa TCU, krediti moja ni sawa na saa 10 za ujifunzaji, zikijumuisha mihadhara, semina, kujisomea na mitihani, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Katika utaratibu wa Ulaya unaoitwa ECTS, mwaka mmoja una krediti 60, na krediti moja ni sawa na saa 25 hadi 30. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, imefuata mkondo wa shahada za ngazi tatu wenye krediti 60 kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyesoma kozi ya krediti 12 jijini Dar es Salaam na sasa anataka kuendelea na masomo Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani kama kilivyo kwake. Kozi yake ina thamani ya krediti ngapi huko? Tukilinganisha kwa mwaka, 120 kwa 60, jibu ni krediti 6. Tukilinganisha kwa saa, kozi yake ni saa 120. Tukigawanya kwa 25 tunapata 4.8, na tukigawanya kwa 30 tunapata 4. Kwa hiyo kozi moja inaweza kuhesabiwa kuwa 6, 4.8 au 4, kutegemea kanuni anayoitumia afisa. Na iwapo afisa atachukua tarakimu 12 bila kuigeuza, atampa mwanafunzi mara mbili au mara tatu ya anachostahili.

Mfano huu unaonesha kwa nini maelezo sanifu hayapaswi kuandika tarakimu peke yake. Yanapaswa kutaja krediti, utaratibu zinakotoka, na jumla ya saa za ujifunzaji. Uamuzi wa mwisho utabaki kwa chuo kinachopokea, lakini chuo hicho kitaamua kikiwa na taarifa kamili.

6.0 Nafasi ya Teknolojia ya Elimu

Vyuo vingi vya eneo letu vimekwisha kuwa na mifumo ya kusimamia ujifunzaji. Uliozoeleka zaidi ni Moodle, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Mfumo huo unaruhusu kozi nzima kufungashwa katika faili moja na kufunguliwa katika mtambo wa chuo kingine kinachotumia Moodle. Kinadharia, basi, mhadhiri wa Dodoma anaweza kumpatia mwenzake wa Zanzibar kozi yake pamoja na mazoezi na majaribio yake.

Kinachokwamisha mara nyingi ni utambuzi wa kozi yenyewe. Kozi iliyofunguliwa kwa jina kama «KI 205 Kundi B 2019» haimwelezi mgeni chochote. Hajui ni ya mwaka wa ngapi, inahitaji maarifa gani ya awali, wala kama anaruhusiwa kuitumia. Mfumo wa ujifunzaji unahifadhi maudhui. Hauwezi kubuni maelezo ambayo mhadhiri hakuyaandika.

Hazina za kidijiti za vyuo, ambamo tasinifu kama zetu huhifadhiwa, zimelitatua tatizo linalofanana na hili. Zinatumia seti ya vipengele 15 iliyotokana na mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio, nchini Marekani: mada, mwandishi, tarehe, lugha, haki za matumizi na kadhalika. Tangu mwaka 2001 kuna kanuni za kuziwezesha hazina kukusanya metadata kutoka kwa nyingine bila mtu kuandika upya. Ndiyo maana msomaji aliyeko Ulaya anaweza kuipata tasinifu iliyowekwa katika hazina ya chuo cha Tanzania. Kozi zetu hazina bahati hiyo. Tunazihifadhi kazi za wahitimu kwa uangalifu, lakini hatuyahifadhi maelezo ya masomo yaliyowawezesha kuziandika.

7.0 Kiswahili katika Maelezo ya Kozi

Kwa wanaosoma na kufundisha kwa Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Kozi zetu hufundishwa, hutahiniwa na huandikiwa tasinifu kwa Kiswahili, ilhali mara nyingi maelezo yake rasmi huandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kozi hiyo inapotafutwa kwa jina ambalo walimu na wanafunzi hulitumia, haipatikani.

Kuna mambo matatu ya kurekebisha. La kwanza ni kipengele cha lugha. Katika viwango vya kimataifa vya misimbo ya lugha, Kiswahili kina msimbo wa herufi mbili, sw, na wa herufi tatu, swa. Kiwango chenye maelezo ya kina zaidi kinatofautisha pia swh, yaani Kiswahili cha pwani na nchi jirani, na swc, yaani Kiswahili cha Kongo. Rekodi inayoachwa na msimbo wa Kiingereza kwa sababu tu ndio uliowekwa na mfumo tangu mwanzo huifanya kazi ya Kiswahili isionekane kwa kila anayechuja kwa lugha. Kosa hili ni dogo kulifanya na ni rahisi kulisahihisha.

La pili ni istilahi. Kile ambacho mwanafunzi anatarajiwa kuweza kukifanya baada ya kozi huitwa katika idara mbalimbali matokeo ya ujifunzaji, malengo mahususi, umahiri tarajiwa au stadi lengwa. Maneno haya hayana maana moja. Lengo ni nia ya mwalimu; tokeo ni uwezo wa mwanafunzi unaoweza kupimwa. Orodha fupi ya istilahi zilizokubaliwa, ikiandaliwa na idara za Kiswahili kwa kushirikiana na BAKITA kwa upande wa Tanzania na vyombo vya nchi jirani, ingeondoa utata huu.

La tatu ni rasilimali huria. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichokuwa na makao yake Nairobi, kilisambaza moduli huria za ualimu wa sayansi na hisabati kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo katika lugha hizo tatu, ingawa mradi uliendeshwa kutoka katika jiji la Afrika Mashariki. Jambo hilo linatufundisha kwamba lugha isiyo na maelezo sanifu ya kile inachokifundisha huonekana, kwa mtazamo wa wapangaji, kana kwamba haifundishi chochote.

8.0 Rekodi ya Kuanzia

Ili mjadala usibaki katika nadharia, makala hii inapendekeza rekodi yenye vipengele kumi na viwili ambayo idara yoyote inaweza kuijaza kwa kila kozi:

1. Msimbo wa kozi na jina la chuo.
2. Jina la kozi kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine ya hati ya matokeo.
3. Programu ambamo kozi hiyo imo, na kama ni ya lazima au ya hiari.
4. Ngazi ya tuzo na mwaka wa masomo.
5. Krediti, utaratibu wa krediti, na jumla ya saa za ujifunzaji.
6. Lugha ya kufundishia na lugha ya mtihani, kwa misimbo sanifu.
7. Maarifa ya awali yanayohitajika.
8. Matokeo ya ujifunzaji, yasiyozidi sita, kila moja likianza na kitenzi kinachopimika.
9. Maudhui kwa aya moja.
10. Njia ya upimaji na uzito wa kila sehemu.
11. Toleo la mtaala: mwaka ulioanza kutumika na mwaka uliokoma.
12. Haki za matumizi na ofisi inayowajibika, si jina la mtu.

Taarifa za awamu ya utoaji, yaani tarehe, mahali na mhadhiri, ziwekwe katika rekodi nyingine inayorejelea hii. Kipengele cha kumi na moja kisipuuzwe: mhitimu wa mwaka 2014 anahitaji maelezo ya kozi kama ilivyokuwa mwaka 2014, si kama ilivyo leo. Maelezo ya zamani yasifutwe. Yahifadhiwe katika hazina ileile inayohifadhi tasinifu. Idara isiyo na mtaalamu wa kompyuta inaweza kuanza na jedwali la kawaida lenye safu kumi na mbili. Jedwali lililojazwa kwa nidhamu linaweza kugeuzwa kuwa muundo wowote baadaye. Maandishi yaliyotawanyika hayawezi.

9.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba usanifishaji utawanyima wahadhiri uhuru wa kitaaluma. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kinachosanifishwa kingekuwa maudhui. Rekodi iliyopendekezwa haimwambii mhadhiri afundishe nini. Inamtaka aseme anafundisha nini. Vitabu vyote vya maktaba vina kadi zenye muundo mmoja, na hakuna mwandishi aliyelazimika kuandika kama mwenzake kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni mzigo wa kazi. Ni kweli kwamba mwaka wa kwanza utakuwa na kazi ya ziada. Hata hivyo, maelezo haya tayari huandikwa wakati wa kuomba ithibati, wakati wa kupitia upya mitaala na kila mhitimu anapoomba barua. Kinachopendekezwa ni kuyaandika mara moja na kuyatumia mara nyingi. Mzigo huo usiachiwe mhadhiri peke yake; ofisi ya msajili na maktaba zina wajibu sawa.

Pingamizi la tatu ni la uaminifu: je, chuo kikiandika maelezo mazuri ya kozi dhaifu? Muundo sanifu hauzuii udanganyifu. Hata hivyo, maelezo yaliyo wazi mbele ya wanafunzi, wahadhiri wa vyuo vingine na waajiri ni rahisi kuyakosoa kuliko yaliyofungiwa katika jalada.

10.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kubadilishana taarifa za kozi kunahitaji kutenganisha programu, kozi na awamu. Kwamba krediti bila saa na bila kutajwa kwa utaratibu wake hupotosha. Kwamba mifumo ya ujifunzaji na hazina tulizonazo zinaweza kubeba kazi hii. Na kwamba Kiswahili kinahitaji kutajwa ipasavyo ndani ya metadata ili kionekane. Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa wala mfumo mpya. Inahitaji idara moja ikubali kujaza safu kumi na mbili kwa kozi zake zote, na maktaba moja ikubali kuzihifadhi pamoja na matoleo ya zamani.

Mwandishi alidahiliwa hatimaye, na barua ile iliyopigwa mhuri ingali katika jalada lake. Kwa wahitimu watakaofuata, swali la walichojifunza linapaswa kujibiwa siku hiyohiyo linapoulizwa.